Mkonga wa Gari: Unaununua kwa Ajili ya Maji, Unautumia kwa Ajili ya Vumbi

Oktoba ya mwaka wangu wa pili wa masters tulikuwa watatu ndani ya Land Cruiser ya kukodi, tunashuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea tambarare za Ndutu. Mimi nasomea udongo. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli za tabaka la juu kwenye viwanja 24 na kuweka mitego ya vumbi, nijue upepo wa kiangazi unahamisha nini kutoka wapi. Gari lilikuwa na mkonga mweusi uliopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, na nakumbuka kabisa nikimwambia mwenzangu kwamba kwa gari la namna hii vumbi tutaliona kwa macho tu.

Siku ya sita, tukiwa tunapanda kurudi, gari likaanza kukosa nguvu. Nyuma moshi wa bluu. Dereva wetu, mzee aliyezipita barabara zile tangu sijazaliwa, alikuwa ameongeza oili asubuhi, na jana yake pia alikuwa ameongeza. Tulipofika Karatu fundi wala hakufungua injini. Alilegeza klipu moja, akachomoa bomba linalotoka kwenye kasha la chujio la hewa kwenda kwenye injini, akaingiza kidole, akakizungusha ndani, akanionyesha. Kidole kilikuwa na rangi ya kakao.

"Dada," akaniambia, "hapa panatakiwa pawe pasafi kama sahani ya kulia."

Chujio lenyewe lilikuwa jipya. Mkonga haukuwa na ufa. Na bado vumbi lilikuwa linapita, tena si kwa siku hizo sita tu. Ilionekana hatukuwa wa kwanza kulipeleka gari lile vumbini likiwa katika hali ile. Injini ikashushwa, viwanja 11 kati ya 24 havikufikiwa msimu ule, na kwenye tasnifu yangu kuna aya nzima inayoeleza kwa lugha ya heshima kwa nini data zina mapengo. Nilikuwa napima vumbi, kumbe na lenyewe linanipima.

Tangu hapo watu wananiuliza, hasa wenzangu wanaokwenda fildi: ninunue mkonga gani? Chujio gani? Jibu langu huwa linaanza mbali kidogo, kwa sababu ukishajua injini inafanya nini na hewa, nusu ya maswali yanajijibu.

Vyumba kumi kwa saa

Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, ambayo imejaa kwenye magari ya watalii, ya hospitali na ya miradi huku kwetu. Ujazo wake kamili ni lita 4.164. Ni injini ya mipigo minne, kwa hiyo kila mzunguko mmoja inavuta hewa ya nusu ya ujazo huo, kama lita 2.08. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, na tukikubali kwamba silinda hazijai kabisa, tuseme asilimia 85, tunapata kama lita 4,400 za hewa kwa dakika. Kwa saa ni mita za ujazo 265.

Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, chenye dari la mita tatu, kina mita za ujazo 27. Yaani injini inameza hewa ya vyumba kumi kila saa, na kila kilichomo ndani ya hewa hiyo kinaelekea mdomoni mwake.

Sasa tuweke vumbi. Nitachagua miligramu 50 kwa kila mita ya ujazo, namba niliyoichagua kwa ajili ya hesabu tu, kwa sababu vumbi la barabarani hubadilika kila dakika kutegemea nani yuko mbele yako na upepo unatoka wapi. Kwa namba hiyo, saa moja inaleta gramu 13, na siku ya kazi ya saa nane inaleta gramu 106 hivi. Chujio linalozuia asilimia 99.9 litapitisha gramu 0.1 kwa siku. Linalozuia asilimia 99 litapitisha gramu 1. Ukisoma kwenye boksi, 99 na 99.9 zinaonekana ndugu. Kwa injini, ya kwanza inapitisha vumbi mara kumi zaidi ya ya pili. Na kama kuna upenyo mahali fulani unaoruhusu asilimia 5 tu ya hewa ipite bila kuchujwa, hapo injini inakula gramu 5 kwa siku, hata chujio lingekuwa la dhahabu.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuangusha sisi.

Kwa nini vumbi linakula chuma

Maeneo ya miamba ya graniti, kama Dodoma na Singida, vumbi lake lina kwarzi nyingi. Kwarzi ina ugumu wa 7 kwenye skeli ya Mohs. Kioo cha dirisha kiko kama 5.5, ndiyo maana mchanga unakikwaruza. Tambarare za kusini mashariki mwa Serengeti ni kitu kingine, udongo wake umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro: laini kama unga, unaingia hadi kwenye sanduku la nguo ulilolifunga kwa zipu. Ugumu wake ni mdogo kuliko wa kwarzi, lakini wingi wake na ulaini wake vinafidia.

Ukubwa wa chembe una maana sana. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda kuna utando wa oili wenye unene wa mikromita chache tu. Chembe ndogo kuliko utando huo inaogelea ndani ya oili bila kugusa kuta zote mbili. Chembe kubwa sana kwa kawaida hainusuriki kwenye chujio. Wale wa katikati, kati ya mikromita 5 na 20 hivi, ndio wabaya: wanatosha kugusa chuma huku na chuma kule kwa wakati mmoja, na pistoni inawasugua juu chini mara maelfu kwa dakika. Ringi zikilika, mgandamizo unavuja kwenda chini, oili inapanda juu na kuungua. Hapo ndipo unapoona moshi wa bluu na dereva anaongeza oili kila asubuhi akidhani ni uzee wa gari.

Tatizo hili halikuanza na utalii. Frank Donaldson wa Minnesota, Marekani, alianzisha kampuni ya vichujio vya hewa mwaka 1915 kwa sababu ya matrekta; mkulima alikuwa anainunua injini, shamba linaila.

Mkonga unafanya nini hasa

Bila mkonga, Land Cruiser na magari mengi ya aina yake huvuta hewa kutoka ndani ya madigadi au pembeni mwa boneti. Yaani jirani kabisa na tairi la mbele, ambalo ndilo linalopiga udongo. Mkonga unahamisha mdomo huo kwenda juu, karibu mita mbili kutoka ardhini.

Je, huko juu hakuna vumbi? Hapa kuna hesabu nzuri ya fizikia ya kidato cha sita. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha mikromita 50 inaanguka kwenye hewa tulivu kwa kasi ya sentimita 20 hivi kwa sekunde. Kushuka mita mbili inahitaji sekunde 10. Chembe ya mikromita 10 inaanguka kwa sentimita 0.8 tu kwa sekunde, kwa hiyo mita hizo hizo mbili inazimaliza kwa dakika nne. Na hapo hewa imetulia. Ikiwa na upepo na msukosuko wa magari, inaweza kuelea kwa muda mrefu zaidi.

Unaona kinachotokea. Mkonga unakuondolea mzigo mkubwa wa chembe nzito, ambazo haziwezi kukaa juu. Hiyo ni faida ya kweli, kwa sababu chembe hizo ndizo zinazolijaza chujio haraka. Lakini wale wabaya wa mikromita 5 hadi 20 wanaelea hapo hapo kwenye usawa wa paa, hasa ukiwa kwenye msafara na kuna gari mita 50 mbele yako. Mkonga unaongeza maisha ya chujio. Haulifanyi chujio lisihitajike, na wala haulisamehi chujio baya.

Ndiyo maana nasema watu wengi wananunua mkonga kwa ajili ya maji wakati kazi yake ya kila siku ni vumbi. Mto wenye kina cha kutisha unaweza kuuvuka mara mbili kwa mwaka. Vumbi unalivuka kuanzia Juni hadi Oktoba, na kitu cha kwanza cha kufanya dhidi yake hakiuzwi dukani: mwache aliye mbele aende. Subiri dakika chache, au kaa upande upepo unakotoka kama barabara inaruhusu.

Kuna madai mengine ya kuyapunguza makali. Muuzaji atakuambia mkonga unaotazama mbele unasukuma hewa ndani na kuongeza nguvu. Kwa kilomita 100 kwa saa, mgandamizo unaotokana na mwendo ni kama kilopaskali 0.45. Mgandamizo wa hewa usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Kwa hiyo umepata chini ya nusu ya asilimia moja, na hapo ni kabla bomba lenye kona halijakunyang'anya chako. Ukipanda ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, umeshapoteza karibu robo ya mgandamizo wa hewa. Hakuna mkonga wa kukurudishia.

Kuhusu kichwa cha juu, kile kinachotazama mbele kina mianya ya nyuma au pembeni ya kumwaga maji ya mvua, na kingi unaweza kukizungusha kwa kulegeza klipu. Kwenye vumbi zito mimi nakigeuza kitazame nyuma. Sababu ni inesha: hewa inaweza kukata kona na kuingia, chembe nzito inashindwa kugeuka na kupita zake. Aina nyingine ni kichwa cha mviringo chenye mapezi yanayoizungusha hewa, ili chembe zirushwe pembeni na kutoka au kudondokea kwenye bakuli. Kinafanya kazi vizuri kwa vumbi la chembe kubwa, kidogo kwa lile laini, na kinaongeza ukinzani kiasi. Kama kazi yako ni barabara za vumbi kila siku, nunua. Kama gari linakaa mjini na linatoka Pasaka na Krismasi, hela hiyo nunua machujio mawili ya akiba.

Halafu upana. Kwa zile lita 4,400 kwa dakika, bomba la ndani lenye kipenyo cha milimita 76 linapitisha hewa kwa kasi ya mita 16 kwa sekunde. Nimeona mikonga ya kujitengenezea kwa bomba la PVC la inchi mbili. Humo hewa inalazimika kukimbia zaidi ya mita 37 kwa sekunde, na kwa kuwa upotevu wa mgandamizo unakwenda na kasi kwa kipeo cha pili, unalipa zaidi ya mara tano. Injini inapumua kwa mrija wa soda. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: hakuna mahali popote kwenye njia ya hewa panapotakiwa kuwa pembamba kuliko bomba lililotoka kiwandani. Angalia hasa pale mkonga unapoingia kwenye madigadi, maana huko ndiko watengenezaji wa bei rahisi wanakobana.

Plastiki nayo si moja. Jua letu linaikausha plastiki isiyo na kinga ya mionzi, na baada ya misimu michache inapauka na kupasuka kwenye matundu ya skrubu. Mkonga mzuri unakuwa mnene, sehemu zake ni chache na maungio yake hayategemei gundi peke yake.

Chujio: hapa ndipo pesa iende

Watu hudhani chujio ni kama chekecheke la unga, kwamba kikubwa kinakwama na kidogo kinapita. Karatasi ya chujio ni msitu wa nyuzi. Chembe nzito inashindwa kukata kona na kugonga uzi. Ya kati inapita karibu mno na kunaswa ubavuni. Na zile ndogo kabisa zinayumbayumba kwa kugongwa na molekuli za hewa hadi zinajigonga zenyewe kwenye uzi. Ndiyo maana chujio linakamata chembe ndogo kuliko matundu yake.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza: chujio lililochafuka kidogo linachuja vizuri kuliko jipya. Lile vumbi la mwanzo linajenga tabaka juu ya karatasi, na tabaka hilo linakuwa chujio juu ya chujio. Chujio zuri la karatasi huanza karibu na asilimia 99 na kupanda hadi zaidi ya 99.9 kadiri linavyotumika. Kinachopanda pamoja nalo ni ukinzani, na hicho ndicho kinachotakiwa kukuambia muda wa kubadilisha umefika. Rangi haikuambii.

Sasa fikiria tunachofanya gereji. Chujio limetumika wiki mbili, limeanza kuwa la kahawia, kijana anachukua kompresa na kulipuliza hadi vumbi linajaa uwanja mzima na mapafu yake. Ametoa lile tabaka zuri, na kama amesogeza mdomo wa kompresa karibu amechana nyuzi kwa tundu usiloweza kuliona. Limekuwa jeupe, mteja anafurahi. Vitabu vya magari vinavyoruhusu kupuliza vinataka mgandamizo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali. Wengine huligonga kwenye tairi. Likigongwa, ule mpira wa kuziba ukingoni unapinda, na kazi yote imeishia hapo.

Ukitaka kupima ukinzani kweli, makasha mengi ya chujio yana tundu dogo upande wa injini, la kuwekea geji. Watengenezaji wengi wa injini za dizeli wanaweka kikomo kati ya kilopaskali 5 na 6.2 injini ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote. Kilopaskali 5 ni sawa na kuvuta maji yapande sentimita 51. Sisi baada ya mkasa ule tulitengeneza yetu kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa umbo la U na kutiwa maji yenye rangi, mwenzangu akaushika kiti cha mbele huku tunapanda mlima. Inafanya kazi, ila weka chupa tupu katikati ya kunasa maji yasije yakavutwa kwenye injini. Geji ya dukani ina usalama zaidi, na ukiikuta gereji itakuokoa kubadilisha machujio ambayo bado yana maisha.

Kwenye aina za machujio sitakawia. Yale ya pamba yenye oili, yanayooshwa na kurudishwa, yanapitisha hewa kirahisi, na urahisi huo mara nyingi unalipwa kwa kupitisha vumbi zaidi. Kwenye magari mapya ukizidisha oili inakwenda kuchafua kihisi cha hewa. Yale ya zamani ya bakuli la oili, kama kwenye Land Rover za kizamani na matrekta ya Massey Ferguson, ni ya ajabu kwa uvumilivu, unaosha kwa dizeli unatia oili nyingine, lakini injini ikiwa silensa hewa haina kasi ya kutosha kurusha vumbi kwenye oili. Kwa Land Cruiser ya fildi mimi ni mtu wa karatasi. Tafuta lile lililopimwa kwa kipimo cha ISO 5011, na muuzaji asiyekijua asikukatishe tamaa. Angalia boksi na karatasi za ndani.

Feki je? Lishike mkononi. Hesabu mikunjo, maana ya feki mara nyingi ina mikunjo michache, imelala ovyo. Bonyeza mpira wa ukingoni: uwe laini na urudi. Washa tochi ndani mahali penye giza, mwanga usipenye kama nukta. Kisha fanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwenye gari letu, chukua chujio la zamani lililotoka kiwandani, uyasimamishe pamoja mezani. Letu lilikuwa fupi kwa milimita kama nne. Kifuniko cha kasha kilifunga vizuri, klipu zote zikalia tak, lakini hakikuwa kinaligandamiza chujio. Ule mpira wa kuziba ulikuwa unagusa tu. Hewa, kama maji, hufuata njia rahisi. Na mwenye gari alikuwa amenunua mengi ya aina ile kwa mkupuo, kwa bei nzuri.

Na maji?

Jina snokeli lina historia ya dizeli. Waholanzi miaka ya 1930 waliweka bomba la hewa kwenye manowari zao ili injini za dizeli zifanye kazi chombo kikiwa chini kidogo ya uso wa bahari, na Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwaka 1940 wakalikuta na baadaye wakalitumia. Shida ilikuwa ile ile: injini inataka hewa kavu.

Kwa nini kavu? Turudi kwenye 1HZ. Kila silinda ina mililita 694, na uwiano wa mgandamizo ni karibu 22 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi iliyobaki ni kama mililita 33. Hewa inakubali kubanwa humo, maji hayakubali. Vijiko vitatu vikubwa vya maji kwenye silinda moja vinatosha kuisimamisha pistoni kabla haijafika juu, na kwa kuwa zile nyingine tano bado zinasukuma, kinachopinda ni konrodi. Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata. Livutwe kwanza, nozeli zifunguliwe, maji yatoke.

Mkonga unazuia hilo kwa sharti moja, njia nzima iwe imezibwa. Chini ya kasha la chujio la Land Cruiser nyingi kuna kipande cha mpira chenye mdomo kama wa bata, cha kumwaga vumbi na maji. Kikipotea, na kinapotea sana, umeacha mlango chini ya usawa wa maji huku umejenga dirisha juu ya paa. Maungio ndani ya madigadi nayo, na matundu ya kumwaga maji ya bomba la zamani.

Hata hivyo mkonga wa mita mbili haulifanyi gari livuke mita mbili. Difu na giaboksi zina vipumulio vyake, vinavyotakiwa kuvutwa juu kwa mipira. Na kuna nguvu ya kuelea: sakafu ya gari yenye ukubwa wa mita nne kwa moja na nusu, kila sentimita 10 za maji juu yake zinainua gari kwa kilo 600 kabla maji hayajapata muda wa kuingia ndani. Gari la tani mbili na kidogo linabakiwa na uzito kiduchu kwenye matairi maji yakifika kwenye viti, na mkondo unafanya unachotaka. Kila msimu wa masika kuna magari yanasombwa hivyo, mengine yakiwa na mkonga mzuri kabisa. Fuata kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kwa magari mengi ya aina hii kiko kwenye sentimita 60 hadi 80.

Kabla hujaondoka

Injini ikiwa silensa, mtu apande juu na azibe mdomo wa mkonga kwa ubao bapa. Injini isiyo na tabo inatakiwa ianze kukohoa na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, inapata hewa mahali pengine, na wewe kazi yako ni kupatafuta: klipu, kona ya mpira, kasha, ule mdomo wa bata. Usijaribu ukiwa umekanyaga mafuta, mipira laini inaweza kusinyaa.

Kisha kidole cha fundi wa Karatu. Fungua bomba baada ya chujio, pitisha kitambaa cheupe. Kama unataka ushahidi wa safari nzima, paka grisi nyembamba sana ndani ya bomba hilo, ukirudi uiangalie. Ikiwa na chenga unapoisugua kati ya vidole, kuna kinachopita. Msimu uliofuata tulikodi gari jingine, na kabla sijasaini chochote nikaomba spana ya klipu. Mwenye gari alinitazama kama mtu anayetaka kumpima ng'ombe meno. Kitambaa kilitoka cheupe. Tukaenda kumalizia vile viwanja 11.